Kwa Nini Mnunuzi Ameacha Nusu ya Gunia Lako

Swali linakuja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. "Nimekusanya gunia zima la plastiki, kijana wa makopo akachambua chupa za maji akaenda zake. Mengine kwa nini kayaacha?" "Ndoo yangu ina ile pembetatu ya mishale, mbona kituoni wameikataa?" "Nioshe au nisioshe?"

Nimeona niyajibu kwa pamoja, na namjibu mtu anayeishi Dar es Salaam au mji unaofanana nayo. Huku kwetu hakuna gari la manispaa linalopita na mapipa ya rangi tatu. Kuna mwokota makopo, yaani chupa za plastiki, anayepita na kiroba begani, kuna mnunuzi mwenye mzani mtaa wa pili, na kuna dampo la Pugu Kinyamwezi kwa vyote vilivyokosa mwenyewe.

Jibu fupi ni kwamba plastiki si kitu kimoja. Ni vitu kadhaa visivyopatana vikiyeyushwa pamoja. Chupa ya maji inahitaji joto la nyuzi 250 hivi ndipo iyeyuke, wakati dumu huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Vitie kwenye mashine moja, na dumu litakuwa uji ulioanza kuharibika kabla chupa haijalegea. Ndiyo maana mnunuzi hanunui "plastiki". Ananunua plastiki ya aina moja, safi na kavu. Gunia la mchanganyiko analiona kama kazi ya kuchambua ambayo hajalipwa.

Anza na mnunuzi, namba zitafuata

Wengi wanaanza kinyume. Wanajifunza namba zote saba za aina za plastiki, wanapanga viroba saba uani, halafu wanagundua mtaani kwao aina mbili tu ndizo zenye soko. Kabla hujatenga chochote, mwendee mnunuzi aliye karibu, au msimamishe mwokota makopo anayepita kwako, umuulize:

- Unachukua nini: makopo tu, au hata madumu, ndoo na viti?
- Rangi zikichanganyika unapunguza bei?
- Vizibo vibaki au vitoke?
- Chupa za mafuta ya kula unazipokea?
- Kuanzia kilo ngapi unakuja kufuata mwenyewe?

Majibu hutofautiana kutoka mnunuzi mmoja hadi mwingine, maana kila mmoja ana kiwanda anachokiuzia. Usishangae wa Mbagala akikubali alichokataa wa Tegeta. Na kama uko mkoani, mbali na viwanda, tarajia orodha fupi zaidi: chupa tupu zimejaa hewa, na nauli ya kusafirisha hewa humeza faida yote.

Jua pia uzito wa unachokusanya. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina gramu kati ya 10 na 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa kama 50 hadi 100. Dumu la lita 20 peke yake lina uzito unaokaribia kilo. Lile dumu lililopasuka unaloliegemeza ukutani tangu mwaka juzi linaweza kuwa na thamani kuliko kiroba kizima cha makopo.

Pembetatu haisemi unachodhani

Namba zilizo ndani ya pembetatu hiyo, 1 hadi 7, zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha watengenezaji wa plastiki. Kazi yake ni kutaja malighafi, basi. Haziahidi kwamba chombo kitarejelezwa, wala hazisemi kimetokana na plastiki iliyorejelezwa. Mishale ile iliwapotosha watu wengi kiasi kwamba mwaka 2013 kiwango cha Marekani kilibadilishwa, mishale ikaondolewa na kuwekwa pembetatu ya kawaida. Lakini kalibu za viwandani zinadumu miaka mingi, na mishale bado tunayo.

Pindua chombo usome kitako. Hapo ndipo watu wanapokosea:

- Duara lenye tarakimu 1 hadi 12 na mshale katikati linaonyesha mwezi kilipotengenezwa. Si aina ya plastiki.
- Tarakimu iliyo peke yake, bila pembetatu, mara nyingi ni namba ya kalibu. Ndoo yenye "4" tupu haijawa plastiki namba 4 kwa sababu hiyo.
- Picha ya glasi na uma ina maana chombo kinafaa kwa chakula.
- "05" ni sawa na "5". Utaiona hivyo kwenye baadhi ya bidhaa za kutoka China.
- Herufi chini ya pembetatu (PET, HDPE, PP) ni za kuaminika kama namba, na wakati mwingine zinasomeka vizuri zaidi.

Tatu za kuzijua vizuri

Namba 1, PET. Haya ndiyo makopo: chupa za maji, soda na juisi, na nyingi za mafuta ya kula. Ni angavu kama kioo, ukizikanyaga zinalia, na katikati ya kitako zina kinundu kidogo kama chunusi. Malighafi yake ndiyo hiyo hiyo ya nguo za poliesta, na chupa nyingi zilizosagwa huishia kuwa nyuzi.

Tenga rangi. Isiyo na rangi hupata bei nzuri kwa sababu inaweza kutiwa rangi yoyote baadaye. Bluu nyepesi hufuata, kisha kijani na kahawia. Nyeupe isiyopitisha mwanga wengi hawaitaki.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni vile vifungashio angavu vya keki, matunda na mayai: vina namba 1, lakini vimetengenezwa kwa njia nyingine na haviyeyuki sawasawa na chupa, kwa hiyo mnunuzi wa makopo huvitupa pembeni. Usimbishie. Wa pili ni chupa ya mafuta ya kula. Ikiingia na mafuta yake kwenye kiroba inapaka jirani zake zote, na vumbi linanata. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu (yanayochemka yataikunja), au iwekee mfuko wake.

Namba 2, HDPE. Madumu, chupa za sabuni ya maji, dawa za kuondoa madoa, shampuu, losheni, na baadhi ya chupa za maziwa. Haipitishi mwanga vizuri, ukiikwaruza kwa ukucha unahisi kama nta, na kitakoni ina mstari wa mshono badala ya kinundu. Ni plastiki ngumu kufa: haipasuki kirahisi, haidhuriwi na kemikali nyingi, na ikiyeyushwa inakubali kuwa kitu kipya. Adui yake ni jua. Dumu lililoachwa juani miaka linapauka, linatoa unga mweupe mkononi na kuvunjika kama biskuti. Likifika hapo, limeshapoteza soko.

Namba 5, PP. Ndoo nyingi, mabeseni, viti, vikombe na sahani za plastiki, vikopo vya mtindi, vile vifuniko vya kufunua na kufunga vyenye bawaba. Pia kamba, mikeka ya plastiki, na viroba vya unga, mchele na saruji. Ila ngumu na ya kufuma haziendi pamoja: ndoo kivyake, viroba kivyake.

Na hapa niseme jambo ambalo huwashangaza wengi. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, sokoni ikaingia ile mifuko laini ya rangi rangi inayofanana na kitambaa. Si kitambaa. Ni polipropilini, yaani namba 5 hii hii, iliyofanywa nyuzi na kubanwa pamoja. Ubora wake ni kwamba unaweza kuitumia mara nyingi. Lakini ukiuzika mfuko huo shambani ukidhani utaoza kama pamba, wajukuu zako watauchimbua.

Zilizobaki, kwa haraka

- Namba 3, PVC: mabomba, vitambaa vya meza vya nailoni nzito, makoti ya mvua, ganda la nyaya za umeme. Usiiweke karibu na makopo. Kwenye joto la kuyeyushia PET inatoa asidi inayoharibu mzigo na kula mashine, na kipande kidogo tu kinatosha.
- Namba 4, LDPE: nailoni laini za vifungashio. Nitairudia hapo chini.
- Namba 6, PS: vile viboksi vyeupe vyepesi vya chakula, vikombe vya kutupa vinavyopasuka, povu linalokinga televisheni mpya ndani ya boksi. Kiboksi ni hewa tupu na kina mafuta ya chipsi juu yake, kwa hiyo mtaani ni nadra kupata anayekihitaji.
- Namba 7: kila kilichobaki, ikiwamo plastiki ngumu ya chupa kubwa za zamani za dispensa. Namba hii haikuambii kitu zaidi ya kwamba si mojawapo ya zile sita.

Pakiti zinazong'aa ndani, za krispi, biskuti na sabuni ya unga, ni matabaka ya vitu tofauti yaliyogandishwa pamoja. Boksi la juisi nalo lina karatasi, plastiki na alumini. Kwa mashine za kawaida, vyote viwili ni uchafu. Yeboyebo na ndala hesabu yake ni nyingine pia. Hata lile jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu mwaka 2018 kwa plastiki iliyookotwa lilitumia plastiki iliyoyeyushwa kwa mbao zake, ndala zikabandikwa nje kama vazi la rangi.

Haina alama? Tumia maji

Kipande cha beseni lililovunjika hakina kitako cha kusoma. Fanya hivi:

1. Kata kipande kidogo kama kucha ya kidole gumba.
2. Jaza maji kwenye glasi, dondoshea sabuni kidogo ya vyombo. Bila sabuni, ngozi ya maji inaweza kukishikilia kipande kinachopaswa kuzama.
3. Kizamishe kwa kidole, kisugue kutoa mapovu, kisha kiachie.
4. Kikipanda juu ni 2, 4 au 5. Kikilala chini ni 1, 3, 6 au mojawapo ya kundi la 7.
5. Kilichozama kitie kwenye maji ya chumvi, uliyokoroga mpaka chumvi imegoma kuyeyuka. Namba 6 ngumu itapanda. Namba 1 na 3 zitabaki chini.

Kati ya 1 na 3, ikunje: PVC angavu huacha mstari mweupe mzito kwenye mkunjo. Kati ya 2 na 5, sikiliza na papasa: 5 ni ngumu zaidi na inalia ukiigonga, 2 ni bubu na unahisi ile nta.

Jaribio hili lina udhaifu. Watengenezaji wa viti vya bei rahisi huchanganya unga wa chokaa kwenye plastiki ili kupunguza gharama, na kiti cha namba 5 chenye chokaa nyingi kinaweza kuzama kama jiwe. Viboksi vya povu navyo vitaelea daima, ingawa ni namba 6.

Utawaona wachambuaji wengine wakichoma ncha kwa kiberiti na kunusa moshi. Wanajua wanachokifanya, na mapafu yao ndiyo yanayolipa. Wewe usiige.

Kuandaa mzigo

Huhitaji maji ya ziada. Tumia yale ya mwisho ya kusuuzia vyombo kabla hujayamwaga.

1. Mimina kilichomo. Soda iliyobaki inaleta sisimizi na nyuki, maziwa yanaleta panya.
2. Suuza mara moja, tikisa, mwaga. Haihitaji kung'aa.
3. Pindua mdomo chini, kivulini, mpaka ikauke. Unyevu ukibaki, kizibo kikafungwa, ndani ya wiki utakuwa na ukungu.
4. Chana zile lebo zinazoivaa chupa mwili mzima kama soksi, kwa kuwa baadhi yake ni PVC. Lebo ya kawaida ya mkanda iache kama mnunuzi hajasema vingine.
5. Kanyaga chupa. Kiroba kinachobeba chupa 40 nzima kitabeba mara kadhaa zaidi ya hapo.
6. Vizibo: fuata alichosema mnunuzi. Viwandani havisumbui, kwa sababu kwenye tanki la maji kizibo kinaelea na chupa inazama, ila mnunuzi mdogo wa mtaani hana tanki.
7. Weka viroba vitatu: makopo, madumu, ndoo na jamii yake. Kisichojulikana kisiingie popote mpaka kimejulikana.

Wapo wanaoacha maji au mchanga ndani ya chupa ili mzani upande. Wanunuzi wanaujua mchezo huo siku nyingi. Watakata kilo kwa kukisia, na mara zote watakisia kwa faida yao.

Nailoni

Nailoni za mkate, za sukari, za kufungia maboksi ya soda kumi na mbili kumi na mbili: zinarejelezeka zikiwa safi, nyingi, na za aina moja. Nyumbani ni nadra kutimiza hata masharti mawili kati ya hayo. Mwenye duka la jumla anayetoa nailoni za maboksi kila siku anaweza kupata mnunuzi. Wewe mwenye vifuko viwili vya ubuyu vyenye rangi nyekundu ndani, sitakudanganya: viweke pamoja ndani ya mfuko mmoja, uufunge vizuri uende na taka, ili visipeperuke hadi mtaroni. Wakati wa masika mtaro ulioziba ni nyumba ya mtu iliyojaa maji.

Kama mkono wako unataka kutofautisha: nailoni inayovutika na kunyamaza ni namba 4, inayolia chakarachakara na kuchanika moja kwa moja mara nyingi ni namba 5.

Onyo ambalo sitalipunguza makali

- Usiwashe mkaa kwa nailoni, kipande cha dumu wala kiboksi cha chipsi. Najua inashika haraka kuliko karatasi. Ule moshi mweusi unaingia kwanza kwa anayepuliza, na mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni. Ikiwa kipande ni PVC, moshi wake una asidi na sumu za dioksini.
- Usitie mafuta ya taa, dawa ya wadudu wala asidi ya betri kwenye chupa ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Na chupa hiyo ikirudi kwenye makopo, imechafua mzigo.
- Dumu la dawa za shambani lisirudi jikoni, hata ulioshe mara ngapi. Lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyamimine kwenye bomba la kunyunyizia, kisha ulitoboe ili asitokee wa kulichotea maji. Mnunuzi umwambie lilikuwa na nini.
- Mzigo usikae wazi mvuani. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotuama, hata ndani ya kizibo, na Dar es Salaam ilishapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019.
- Sindano na mirija ya dripu, kama unamuuguza mtu nyumbani, zirudishe zahanati. Zisiingie mikononi mwa mwokota makopo.

Mnaobisha

"Hiyo ni kazi ya manispaa, ada ya taka nalipa." Unalipa, na una haki ya kudai. Lakini gari likifika linapakia kila kitu pamoja, maganda ya ndizi juu ya makopo, na kopo lililolowa mchuzi limeshapoteza thamani kabla halijafika Pugu. Pa kutenga ni jikoni kwako, ndani ya dakika ile unayomaliza kunywa.

"Pesa yenyewe ni senti." Kwa nyumba moja, kweli. Hutalipa ada ya shule kwa makopo. Ukiungana na majirani wanne watano, au msikiti, kanisa au kikundi chenu cha kukopeshana kikawa na kona moja ya kukusanyia, mzigo unafikia kilo za kumfanya mnunuzi aje mwenyewe na mzani wake. Wasiotaka hesabu hizo wampe tu kijana wa makopo kiroba kilichochambuliwa, mlangoni, mkono kwa mkono. Kwake ni nusu siku ya kupekua majalala iliyookolewa.

"Nakata madumu napanda mchicha, si ndiyo kurejeleza?" Ni kutumia tena, na ni bora zaidi. Toboa chini maji yatoke, na hakikisha dumu lilikuwa la mafuta ya kula au maji. Likishapauka na kuanza kumeguka, liondoe kabla vipande havijaingia kwenye udongo.

"Chupa ya maji nikiijaza tena ni sumu?" Chupa ya PET haigeuki sumu kwa kujazwa mara ya pili. Ipo hata njia inayotambuliwa ya kuua vijidudu kwa kuacha maji maangavu ndani ya chupa hizo juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Kinachosumbua ni uchafu wa mdomoni na mikwaruzo ya ndani ambako vijidudu hujificha. Ioshe, usiitie chai ya moto, na ikianza kuwa na ukungu wa mikwaruzo, ikanyage iende kwenye kiroba cha kwanza.